Nyota ya ncha 25: Iringa hadi Matema, 20–26 Desemba

Ijumaa, 20 Desemba. Iringa mjini

Kitu cha kwanza kununua mjini si mchele wa pilau wala nguo ya sikukuu, ni manila. Tano za kazi na ya sita ya makosa, zote nyeupe, maana manila ya rangi nzito hunyonya mwanga. Hizo ndizo zitakazokuwa nyota ya Herrnhut, mji wa Ujerumani, nyota ya kanisa la Wamoravian: inakatwa leo Iringa, inagundishwa njiani kipande kwa kipande, inafungwa na kutundikwa Rungwe siku ya Krismasi yenyewe. Anayeianza usiku wa mkesha huishia kuitundika Januari.

Nyota hii ilizaliwa darasani. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika shule ya bweni ya Wamoravian mjini Niesky, Ujerumani, ilikuwa somo la jiometri kwa watoto. Ndiyo sababu haijali mikono mizuri bila rula. Mwili wake una nyuso 26: miraba 18 na pembetatu 8. Kila uso huota ncha, isipokuwa mraba mmoja wa juu unaoachwa wazi ili taa iingie. Zinabaki ncha 25, yaani 17 za kitako cha mraba na 8 za kitako cha pembetatu.

Kata kwanza kiolezo kimoja kwenye boksi gumu: pembetatu yenye kitako cha sentimita 8 na kimo cha sentimita 25. Kwa ncha ya mraba, chora kiolezo hicho mara nne, ubavu kwa ubavu, kama upepeo unaofunguka. Kwa ncha ya pembetatu, mara tatu. Ongeza ukingo wa gundi wa sentimita 1 kwenye kila kitako na kwenye ubavu mmoja wa mwisho. Pepeo zipishane kwenye manila, moja ikitazama juu na nyingine chini, la sivyo hata manila nane hazitatosha. Kabla ya kukunja, pitisha kalamu iliyokwisha wino juu ya kila mstari, ukiongozwa na rula. Manila isiyochorwa hivyo hukunjika ovyo, na ncha hupinda kama pembe ya mbuzi.

Kosa linaloua nyota nyingi ni penseli butu. Kila mzunguko wa kiolezo unaongeza milimita moja, mwenye kukata anaongeza nyingine, na ukifika ncha ya ishirini vitako havikutani tena. Vitako vyote 92 lazima vilingane. Urefu wa ncha ukipishana kidogo hakuna atakayejua.

Iringa ni nchi ya mianzi, na mianzi ndiyo mifupa ya nyota nyingine, parol ya Ufilipino, inayowashwa majira ya misa tisa za alfajiri, tangu tarehe 16 hadi 24 Desemba. Hiyo ni rahisi zaidi. Fito kumi za sentimita 60: tano zifungwe ziwe nyota moja, tano nyingine nyota ya pili. Zilaze moja juu ya nyingine, funga ncha tano pamoja, kisha penyeza vijiti vitano vya sentimita 10 kwenye pembe za ndani ili nyota itanuke tumboni. Funika kwa karatasi laini. Fito mbichi husinyaa zikikauka na kamba zote hulegea, kwa hiyo zianikwe wiki nzima kabla. Na mwanzi uukate kwa mwenye mianzi baada ya kuuliza. Ukikata wa ulanzi, utakula Krismasi barazani kwa mtendaji.

Jumamosi, 21 Desemba. Tosamaganga

Kama kilomita 15 kutoka mjini. Wabenediktini wa Kijerumani ndio walioanza misheni hapa mwishoni mwa karne ya 19, kisha, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakaja Wakonsolata kutoka Italia. Waitaliano na pango la Krismasi, sanamu za kuzaliwa kwa Yesu, hawatengani. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio, Fransisko wa Asizi aliweka hori lenye nyasi, ng'ombe na punda walio hai, misa ikasomewa hapo. Sanamu zilikuja baadaye sana.

Mtu anayetaka kufinyanga pango lake aanze na vipimo, si na Yosefu. Aliyesimama sentimita 30, aliyepiga magoti 20, mtoto 10. Mafundi wengi wa mara ya kwanza hufanya mtoto mkubwa kwa sababu ndiye anayependwa, na anaishia kuwa na umri wa miaka mitatu ndani ya hori. Udongo uchujwe mawe, ukandwe, ulazwe siku mbili chini ya gunia bichi. Sanamu ya zaidi ya kidole gumba kwa unene itobolewe ndani iwe ganda la sentimita 1, na iachiwe tundu chini. Ikibaki imejaa, maji yaliyofichwa katikati yatageuka mvuke motoni na mchungaji wa kondoo atapasuka kwa kishindo. Ikauke kivulini siku saba hadi kumi, maana jua la moja kwa moja hukausha ngozi kabla ya tumbo, na shingo ndiyo inayopasuka kwanza.

Kwa mwaka huu, basi, tarehe 21 muda umekwisha, labda uchonge kwa mti laini. Ila kuna kanuni mbili za pango zisizohitaji tanuri na ambazo huku mara nyingi hukiukwa. Hori hukaa tupu hadi usiku wa tarehe 24. Na mamajusi hawapo bado. Nyumbani kwa Waitaliano wanaanzia mbali, juu ya kabati au dirishani, wanasogezwa kidogo kila siku, wanafika 6 Januari. Kuwapanga wote mapema pamoja na wachungaji ni kumaliza hadithi kabla haijaanza.

Nyasi za pango na balbu za waya wa moto visikae pamoja. Tumia LED, na waya wake upite nyuma ya ukuta wa pango, usipite chini ya majani.

Jioni: ncha nane za pembetatu zimegundishwa. Gundi nyeupe ya mbao ndiyo nzuri, tone jembamba lililosambazwa kwa kijiti, kisha vibanio vya nguo kwa dakika kumi na tano. Uji wa muhogo pia hushika, lakini mende huupenda.

Jumapili, 22 Desemba. Ifunda hadi Mafinga

Jumapili ya nne ya Majilio, majira ya kungoja Krismasi, na kwenye shada la Majilio mishumaa yote minne inawaka. Shada lenyewe lina baba anayejulikana: Johann Hinrich Wichern, mwanateolojia wa Kilutheri wa Hamburg, mwaka 1839, katika nyumba ya watoto maskini aliyoiendesha. Watoto walimchosha kwa kuuliza Krismasi lini. Akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga mishumaa midogo mekundu 20 ya siku za kazi na minne mikubwa meupe ya Jumapili. Ishirini ni hesabu ya mwaka ule, ambao Majilio yalianza 1 Desemba kama mwaka huu. Majilio yakianza 27 Novemba midogo inakuwa 24, yakianza 3 Desemba inakuwa 18. Anayetaka kuunda gurudumu kamili aangalie kalenda kabla ya kutoboa mbao.

Ifunda ipo kwenye barabara kuu, kati ya Iringa na Mafinga, na wapitao wengi huijua kwa shule. Miaka ya vita vya pili ilikuwa kambi ya Wapolandi. Walikuwa wakimbizi, wengi wao wanawake na watoto, waliofukuzwa makwao wakapelekwa Siberia, kisha wakapitia Iran hadi Afrika Mashariki. Kambi nyingine ilikuwa Kidugala, upande wa Njombe, na iliyo kubwa kuliko zote Tengeru. Kwa hiyo mila hii ya Wigilia, chakula cha mkesha cha Wapolandi, si ngeni kabisa kwa udongo huu.

Kanuni zake: hakuna nyama. Vyakula 12, kwa idadi ya mitume. Nyasi kavu kidogo chini ya kitambaa cha meza, kukumbuka hori. Kiti kimoja na sahani moja zaidi kwa mgeni asiyetarajiwa, jambo ambalo Mhehe au Mbena hahitaji kuelezwa. Hakuna anayekula mpaka nyota ya kwanza ionekane, na kabla ya kijiko cha kwanza kila mtu humegeana na mwenzake opłatek, kaki nyembamba ya unga wa ngano na maji iliyobanwa kati ya vyuma viwili vya moto. Kule Warsaw tarehe 24 jua huzama yapata saa tisa na nusu alasiri, kwa hiyo watoto hawasubiri sana. Ifunda linazama karibu saa moja jioni, tena Desemba ni mwezi wa mawingu. Mpishi aliyeivisha kila kitu saa kumi atapasha moto mara tatu.

Mchuzi wake mwekundu, barszcz, ndio unaostahili kuelezwa taratibu. Bitiruti kilo 1, zimenywe na kukatwa vipande vinene vya kidole. Maji lita 2 yaliyochemshwa yakapoa. Chumvi vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa, vitunguu saumu punje tano zilizopondwa, majani mawili ya kiungo (bay leaf). Vyote ndani ya chombo cha kioo au cha udongo, kisha sahani ndogo na jiwe safi juu, vipande visielee. Kinachoelea ndicho kinachoota ukungu. Funika kwa kitambaa tu, hewa itoke. Kwa joto la Kyela mchuzi huchachuka siku ya nne, Njombe subiri hata siku kumi. Ukiwa tayari una harufu ya udongo na uchachu safi. Ukivuta kama uzi kwenye kijiko, mwaga. Usiku wa mkesha unachanganywa na supu ya mboga na uyoga mkavu, na hapa ndipo wengi huharibu: wanauchemsha. Ukitokota, wekundu unageuka kahawia ya matofali. Upashe tu, utoe moshi, uepue. Kwa kuwa leo ni tarehe 22, njia ya mkato ni kuchemsha bitiruti peke yake na kukamulia limao mwishoni. Rangi itashika, ladha itakuwa nusu.

Mafinga, alasiri. Pande zote ni misindano ya Sao Hill, nayo ni msitu wa serikali, mti haukatwi bila kibali hata ukiwa mdogo kama mwiko. Mti wa Krismasi utafutwe kwa wenye mashamba binafsi wanaopunguzia miti au wanaovuna. Usinunue mche. Omba ncha ya mti uliokwisha angushwa: mita mbili za juu ni mti kamili, mwenyewe angeuacha uoze. Msindano unaopandwa zaidi huku asili yake Mexico, sindano zake ndefu na zimelegea, haubebi mapambo mazito. Saiprasi hubeba vizuri zaidi.

Kwenye gari mti ulazwe kitako mbele, matawi yalale na upepo. Ukifika, kata tena sentimita 2 au 3 za kitako, kwa sababu utomvu huziba mishipa ndani ya saa chache na mti hautakunywa tena. Uweke kwenye ndoo ya kokoto na maji, na siku ya kwanza angalia maji mara mbili. Pamba ya theluji iachwe dukani. Ni kiberiti kilichosambazwa juu ya mti mkavu, tena theluji yenyewe hakuna aliyeiomba. Wajerumani wanaoendelea kuwasha mishumaa halisi mtini huiweka mwisho wa tawi, pasipo na tawi jingine juu yake, huwasha kuanzia juu kushuka na huzima kuanzia chini kupanda, mkono na shati visipite juu ya moto. Ndoo ya maji husimama pembeni wakati wote.

Jumatatu, 23 Desemba. Makambako na Njombe

Njombe ukungu na koti. Matufaa ya huku yanafaa kununuliwa kwa ajili ya mti, na si mzaha. Kalenda ya zamani ya Ulaya iliweka Adamu na Hawa tarehe 24 Desemba, mti wa bustani ya Edeni ulisimamishwa na kutundikwa matufaa mekundu, na kutoka huko ndiko mti wa Krismasi ulikovuna mapambo yake. Mwandishi mmoja wa Strasbourg, mwaka 1605, anataja waridi za karatasi, matufaa na kaki. Mipira ya kioo ya mafundi wa Lauscha, Ujerumani, ni mtoto wa tufaa. Chagua madogo, ya gramu mia hivi, funga uzi kwenye kikonyo, na tufaa lisilo na kikonyo ulile.

Usiku: ncha za mraba 17 zimekamilika. Zinasafirishwa zikiwa zimechomekwa moja ndani ya nyingine kama vikombe, ndani ya boksi, na mfuko wa plastiki juu. Baridi ya Njombe imechelewesha gundi, dakika kumi na tano zimekuwa arobaini.

Jumanne, 24 Desemba. Mbeya

Siku ya barabara, malori na vumbi la Igawa lililogeuka tope. Mwanjelwa kumejaa hadi njia ya miguu haionekani.

Wengi huuliza kwa nini Wajerumani na Waswidi hufungua zawadi leo jioni badala ya kesho. Mswahili anayesema "usiku wa Ijumaa" akimaanisha usiku unaoitangulia Ijumaa ana jibu tayari mdomoni. Kwa hesabu ya zamani ya kanisa, kama ya Wayahudi, siku huanza jua likizama. Jioni ya tarehe 24 ni Krismasi yenyewe, si maandalizi. Waethiopia nao wako kwenye kalenda nyingine, sikukuu yao ya Genna huangukia 7 Januari, na kwa leo bado wanafunga.

Jumatano, 25 Desemba. Rungwe

Kutoka Uyole barabara inapanda hadi Isongole, viazi pande zote, kisha inashuka Kiwira kwenye ndizi na chai. Wamoravian walifika chini ya Mlima Rungwe mwaka 1891, mwaka uleule wamisionari wa Kilutheri wa Berlin walipoingia Unyakyusa.

Nyota inafungwa leo. Anza na mkanda wa katikati: ncha nane za mraba, kitako kwa kitako, kingo zikikunjwa kwa ndani na kugundishwa mgongo kwa mgongo. Mkanda ukifunga duara bila kuvutwa, kazi iliyobaki ni salama. Ukivutwa, tafuta kitako kilichozidi sasa, usiendelee. Chini ya mkanda panga mraba, pembetatu, mraba, pembetatu, mpaka ziwe nane, kisha mraba mmoja wa kuziba chini kabisa. Juu vivyo hivyo, mraba nne na pembetatu nne, na pale panapobaki ndipo tundu. Ncha za mwisho haziwezi kubanwa kutoka nje. Mkono unaingia kupitia tundu la sentimita 8, mkono wa mtoto wa miaka kumi, na mtu mzima anabaki kutoa maelekezo.

Unyevu wa Tukuyu si mchezo. Kingo zilizogundishwa Iringa zimeanza kufunguka, hivyo kila kiungo kimeongezwa pini ya stepla. Wenye viwanda nao hutumia vibanio, kwa hiyo si aibu. Ncha hadi ncha inafika sentimita 69 hivi. Ndani inaingia balbu ya LED ya wati 3, iliyoning'inia katikati bila kugusa karatasi. Umeme ukikatika, na hukatika, taa ya kuchaji isiyo na joto inaingia tundu lilelile. Mshumaa kamwe.

Mshumaa una mahali pake. Mwaka 1747, huko Marienborn, askofu John de Watteville aliwapa watoto wa Kimoravian mshumaa mmoja mmoja uliofungwa utepe mwekundu. Chungwa, ambalo sasa ndilo watu wanaloliona kwanza, liliongezwa Uingereza baadaye sana: chungwa ni dunia, utepe ni damu, mshumaa ni nuru, vijiti vinne vya matunda au pipi ni majira. Chagua chungwa gumu na uliketishe, likiyumba kata kipande chembamba chini. Chana msalaba juu, usichimbe shimo, ili ganda libane mshumaa. Zungushia karatasi ya fedha, nta isimwagike vidoleni. Chenza halifai, ganda lake limeachana na nyama na mshumaa utalala. Na wenye nywele za kusukwa wakae mstari wa nyuma kabisa, wasiwe na mwenye moto nyuma yao.

Matarumbeta nayo ni urithi wa Wamoravian. Asubuhi ya baridi ala za shaba hushuka sauti, na kinanda hakishuki nazo. Zipulizwe hewa ya moto dakika kumi bila kupiga noti, ndipo zilinganishwe. Anayelinganisha nyumbani jikoni na kupigia nje kwenye ukungu atalinganisha tena.

Chakula: mbalaga (ndizi za kupika), kuku, wali. Pudini ya Waingereza haipo na haikuwezekana, hupikwa wiki tano kabla.

Alhamisi, 26 Desemba. Matema

Sikukuu ya Mtakatifu Stefano, ile tunayoiita Boksingi Dei, na kila mwaka kuna anayeuliza pambano liko wapi. Ni boksi la zawadi au fedha ambalo Waingereza waliwapa watumishi na mafundi kesho yake, kwa kuwa siku yenyewe ya Krismasi walikuwa kazini.

Joto la Ziwa Nyasa. Ng'ambo ya ghuba, Ikombe, akina mama wa Kikisi wanafinyanga vyungu vyembamba vinavyouzwa hadi Mbeya. Aliyeshindwa na wachungaji wa Tosamaganga aje aangalie unene wa ukuta wa chungu kimoja cha Kikisi, apime kwa kucha.

Nyota inabaki juu Rungwe hadi 6 Januari. Siku ya kuishusha, toa taa, bandua pini za stepla kwanza kwenye mkanda wa katikati, andika kwa penseli namba ndani ya kila ncha kabla ya kuitenganisha, chomeka ncha ndani ya ncha, na boksi lilazwe juu ya kabati, mbali na ukuta wa nje. Usitie gundi mpya. Mwakani pini zinatosha.